Kidonge kimoja chenye dawa mbili za kupunguza maji mwilini: tathmini baada ya miezi 10

Kwa miezi 10 sasa mama yangu, ambaye ana miaka 71 na anaishi nasi Tanga, amekuwa akimeza kila asubuhi kidonge kimoja chenye spironolaktoni miligramu 50 na furosemaidi miligramu 20. Wengi wanaufahamu mchanganyiko huu kwa jina la Lasilactone, ingawa upo pia kwa majina mengine. Mimi ndiye ninayekwenda famasi, ninayempa dawa na ninayeandika uzito wake daftarini, kwa hiyo mengi ninayoyaeleza hapa nimeyaona mwenyewe, na yale ya kitaalamu nimeyapata kwa daktari wake wa moyo, kwa mfamasia wetu na katika kikaratasi cha maelezo kilichomo ndani ya boksi. Rai yangu ni kwamba hii ni dawa nzuri, lakini asiinunue mtu asiye na uhakika wa kupima damu, kwa sababu kipimo cha damu ni sehemu ya tiba hii sawasawa na kidonge chenyewe.

Kwetu dawa zote za namna hii huitwa dawa za maji, na jina hilo limewafanya wengi waamini kwamba zote ni moja. Ndani ya kidonge hiki mna dawa mbili ambazo hazifanani kabisa katika utendaji wake. Furosemaidi, ile ambayo wengi huiita Lasiksi, huanza kufanya kazi ndani ya saa moja tangu imezwe na nguvu yake hudumu kwa takriban saa sita. Huilazimisha figo kutoa chumvi na maji kwa wingi, na pamoja na chumvi hiyo hutoka pia madini ya potasiamu. Spironolaktoni huzuia homoni ya aldosteroni, ambayo kazi yake ni kuiambia figo ishikilie chumvi na kuitoa potasiamu, kwa hiyo hupunguza maji polepole, huchukua siku mbili tatu kabla athari yake haijaonekana vizuri, na huibakiza potasiamu mwilini. Moja inaitoa potasiamu na nyingine inaizuia isitoke, na hiyo ndiyo sababu zimewekwa pamoja. Mizani hiyo ikikaa sawa, mgonjwa hupungua uvimbe bila kuhitaji vidonge vya kuongeza potasiamu. Isipokaa sawa, potasiamu inaweza kushuka, mgonjwa akalegea misuli na mapigo ya moyo yakavurugika, au ikapanda hadi moyo ukasimama bila dalili ya kutosha kumtahadharisha mtu. Kiwango cha kawaida katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, na eneo hilo ni dogo sana kuliko watu wanavyodhani.

Nieleze kwanza tulivyoponea chupuchupu, maana ndiko nilikojifunza zaidi. Kabla ya kidonge hiki mama alikuwa akimeza dawa hizo mbili mbalimbali kwa vipimo vilevile: kidonge cha spironolaktoni na nusu ya kidonge cha furosemaidi cha miligramu 40. Daktari alipoona hali imetulia akamwandikia kidonge cha pamoja ili kumpunguzia idadi ya vidonge, kwa kuwa anatumia pia dawa za presha, na akatuagiza tuache vile vya zamani. Mimi nilivitoa kwenye kikopo cha dawa nikaviweka kabatini badala ya kuviondoa nyumbani. Mama, ambaye hawezi kuona kitu kilichonunuliwa kwa fedha kikipotea, akaendelea kumeza spironolaktoni ya zamani jioni ili imalizike, na wakati huohuo alikuwa akinywa dafu kila mchana kwa imani kwamba linasafisha figo. Hivyo kwa siku kadhaa alikuwa anapata miligramu 100 za dawa inayozuia potasiamu isitoke, juu ya kinywaji chenye takriban miligramu 250 za potasiamu katika kila mililita 100.

Alianza kulalamika kwamba miguu ni mizito kama imefungwa mawe, nami nikadhani ni uchovu wa uzee. Kilichomwokoa ni kwamba daktari alikuwa ameagiza damu ipimwe wiki moja baada ya mabadiliko, na majibu yakaonyesha potasiamu ya 5.9. Dawa ilisimamishwa siku ileile, moyo ukapimwa kwa mashine ya umeme, kipimo kikarudiwa mpaka kiwango kikashuka, ndipo akarudishwa kwenye kidonge kimoja. Kama tungekuwa tumejinunulia dukani bila ratiba ya kupima, sidhani kama ningekuwa naandika tathmini hii kwa utulivu nilio nao leo. Kwa hiyo nawasihi wanaoanza dawa hii: vidonge vya zamani vyenye moja ya dawa hizi, na hasa vidonge vya potasiamu ambavyo wagonjwa wengi wa furosemaidi hupewa, virudisheni famasi siku ileile mnayopewa kidonge cha pamoja. Ratiba ya damu tuliyopewa ilikuwa wiki ya kwanza, wiki ya nne, kisha kila baada ya miezi michache, na kila mara hupimwa potasiamu, sodiamu na kreatinini inayoonyesha hali ya figo.

Baada ya hapo kidonge kimefanya kazi yake vizuri. Uvimbe wa vifundo vya miguu uliokuwa ukiacha shimo ukibonyezwa kwa kidole umekwisha, na mama analala kwa mto mmoja badala ya mitatu, jambo ambalo kwa mgonjwa wa moyo lina maana kubwa kuliko uvimbe wenyewe. Kila asubuhi akishakwenda haja ndogo na kabla ya kunywa chai hupanda mizani, nami huandika uzito. Tumeambiwa kwamba ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu tupige simu kliniki bila kusubiri miguu ivimbe, kwa kuwa maji huanza kurudi siku nyingi kabla jicho halijayaona. Mizani ya kawaida ya bafuni inatosha, na naihesabu kuwa kifaa muhimu kuliko mashine ya presha iliyoko mezani kwetu.

Mama humeza kidonge asubuhi, pamoja na kifungua kinywa, na tumeshikilia utaratibu huo kwa sababu chakula huongeza kiasi cha spironolaktoni kinachoingia mwilini. Mtu akimeza leo na chakula na kesho bila chakula, ni kama anabadilisha kipimo bila kujua. Kumeza usiku ni kujitafutia kuamka mara nne kwenda chooni, na mzee anayeamka gizani ndiye anayeanguka. Siku za safari ya basi kwenda Dar es Salaam mama alikuwa anaruka dozi kimyakimya kwa kuogopa aibu njiani. Tulipomweleza daktari hakumgombeza, alisema tu kwamba siku hiyo ameze akishafika, mradi iwe bado mchana. Kuhusu Ramadhani aliomba tumwone wiki chache kabla, kwa sababu kufunga bila maji juani huku ukitumia dawa ya kutoa maji si jambo la kuamua nyumbani. Na iwapo mgonjwa ataharisha au kutapika sana, dawa hii inaweza kuiumiza figo iliyokwisha kukauka, hivyo apigiwe daktari siku hiyohiyo aseme kama isimamishwe kwa muda.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni dawa nyingine ambazo kwetu zinanunuliwa kama pipi. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila mwenye maumivu ya goti hupewa bila swali, hupunguza nguvu ya dawa za maji, hushikilia chumvi mwilini na huisonga figo. Mama sasa hutumia parasetamoli peke yake. Septrin ni hatari ambayo hata wauzaji wengi hawaijui, kwa sababu trimetoprimu iliyomo ndani yake nayo huzuia potasiamu isitoke. Watafiti wa Ontario nchini Kanada walionyesha mwaka 2011 kwamba wazee wanaotumia spironolaktoni wakipewa Septrin, uwezekano wa kulazwa hospitali kwa potasiamu kupanda ulikuwa mara 12 hivi ukilinganisha na wale waliopewa amoksilini. Wapo ndugu zetu wanaoitumia Septrin kila siku kwa sababu ya kuishi na virusi vya UKIMWI, na hao wasiiache wenyewe hata kidogo, bali wahakikishe daktari wa moyo na kliniki yao ya dawa wanajua kila wanachomeza. Enalapril na losartani, ambazo ni dawa za presha, nazo hupandisha potasiamu, lakini kwa wagonjwa wa moyo mara nyingi hutolewa kwa makusudi pamoja na spironolaktoni, na ndiyo sababu nyingine ya kutoikwepa maabara.

Kwenye chakula, chumvi ipunguzwe, lakini isibadilishwe kwa zile chumvi mbadala za madukani zilizotengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Mama hakukatazwa ndizi wala mchicha. Alikatazwa dafu la kila siku, na parachichi sasa anakula kipande badala ya zima.

Sasa niseme pale ambapo kidonge hiki kinanipa mashaka. Uwiano wake umefungwa: huwezi kuongeza furosemaidi bila kuongeza spironolaktoni. Kwa mgonjwa wa ini aliyejaa maji tumboni, mfano wale walioharibiwa ini na kichocho huko kandokando ya Ziwa Viktoria, uwiano huo unafaa, kwa kuwa madaktari kwa kawaida huanza na spironolaktoni miligramu 100 kwa furosemaidi miligramu 40, na vidonge viwili vya aina hii vinatoa kiasi hichohicho kamili. Kwa mgonjwa wa moyo mambo ni tofauti. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1999, uliojulikana kama RALES, ulipunguza vifo vya wagonjwa wa moyo mahututi kwa asilimia 30, lakini walianzishiwa miligramu 25 za spironolaktoni, nusu ya iliyomo humu. Hivyo kwa anayeanza tiba, au ambaye figo zake hazina nguvu, naona vidonge vilivyotengana ni salama zaidi, na kidonge cha pamoja kije baadaye, hali ikishatulia kama ilivyokuwa kwa mama.

Wanaume wajue kwamba spironolaktoni inaweza kuvimbisha matiti na kuyafanya yaume. Katika utafiti wa RALES tatizo hilo lilimpata mwanamume mmoja kati ya kumi. Baba yangu mdogo alilificha kwa miezi kwa aibu, kisha akaacha dawa bila kumwambia mtu, akarudi hospitali anahema. Ipo michanganyiko mingine, kama ule wa furosemaidi na amilorajidi, ambao hauleti tatizo hilo, na daktari anaweza kubadilisha, lakini hawezi kubadilisha asichoambiwa.

Tena, si kila uvimbe unahitaji kidonge hiki. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na huo ni wa kukimbizwa hospitali. Matende, ambayo sisi watu wa pwani tunayafahamu vizuri, hayatokani na maji ya moyo wala ya figo, na dawa hizi hazitayapunguza. Baadhi ya wanaotumia amlodipini kwa presha huvimba vifundo kwa sababu ya dawa yenyewe, na dawa ya maji haisaidii sana. Mjamzito aliyevimba asimeze kabisa, aende kliniki akapimwe presha na mkojo.

Kuhusu kununua, nina lalamiko moja. Katika duka moja nilipewa boksi la Lasix nikiambiwa ni ileile, tofauti ni herufi tu. Lasix ni furosemaidi peke yake, na kama ningeipokea mama angepoteza nusu ya tiba yake. Tangu hapo nasoma majina ya dawa zenyewe na miligramu zake, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, natazama namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, na tarehe ya mwisho wa matumizi, na sikubali vidonge vilivyokatwa kutoka kwenye karatasi na kutiwa katika bahasha isiyo na maandishi. Famasi niliyobaki nayo huomba cheti cha daktari kila mara, na huuliza tarehe ya kipimo cha damu cha mwisho. Nalipia nauli ya bodaboda kuifuata na sioni hasara.

Kikaratasi cha maelezo kilichomo kwenye boksi tulilonunua ni cha Kiingereza kitupu, chenye maandishi madogo ambayo mama hata kwa miwani hawezi kuyasoma. Kwa hiyo nimekata kipande cha boksi nikakiandika kwa kalamu ya wino mweusi na kukibandika kwenye kikopo chake: kimoja asubuhi na chai, hakuna cha jioni, hakuna diklofenaki, hakuna Septrin bila daktari, mizani kila siku, damu tarehe 14. Mama huipitisha kidole tarehe hiyo kila anapofungua kikopo, na wiki iliyopita ni yeye aliyenikumbusha.