Wati 290 si tatizo, tatizo ni mashine isiyozima

Nilisema nitasubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Mashine ya kukausha unyevu nilinunua kwa sababu ya chumba cha kulala. Ukuta wa nyuma ya kabati ulikuwa umeshika ukungu, na siku nilipotoa viatu vya ngozi vya mume wangu, vile anavyovaa kwenye harusi na misiba tu, nilikuta vimeota manyoya ya kijani mpaka ndani. Kupangusa nilishapangusa mpaka mikono ikachubuka. Kila nikipangusa, baada ya siku chache umerudi palepale.

Wiki ya kwanza niliipenda ile mashine kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Siku ya kwanza nilitoa karibu lita 3 za maji kwenye tanki lake. Nilisimama bafuni nikiyamwaga taratibu, nawaza kwamba maji yote haya yalikuwa kwenye magodoro yetu, kwenye nguo za watoto, kwenye hewa tunayovuta usiku kucha. Nilimpigia dada yangu simu kumsimulia. Nikamwambia naye anunue! Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kwa sababu mashine haizimi. Niliiwekea 55, yaani unyevu ukishuka hadi asilimia 55 kompresa, ile pampu inayopoza koili za ndani ili mvuke ugeuke maji, inyamaze ipumzike. Yangu haikunyamaza hata mara moja. Kioo chake kilisoma 66, 65, 64, kikarudi 66, mchana na usiku. Kufika kama wiki ya tatu hivi, tanki lilikuwa linatoa maji ya glasi mbili tatu kwa siku nzima, na kompresa bado inanguruma kana kwamba chumba kimefurika.

Nikachukua kile kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi. Kompresa ikifanya kazi, wati 290. Feni ikiwa peke yake, wati 40. Ukisoma 290 kwenye lebo huogopi, na mimi sikuogopa. Birika la wati 2,000 linatisha zaidi, lakini birika linachemsha dakika 5 linazimwa, halijamaliza hata robo ya uniti. Mashine hii ikikaa saa 24 bila kuzima, 290 mara 24, hiyo ni karibu uniti 7. Kila siku. Niliandika kwa siku 11 mfululizo, zikawa uniti 76 na ushei. Jokofu letu kubwa, ambalo halijawahi kuchomolewa, halifikii hata robo ya hapo.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyenitajia dukani. Umeme wote inaokula unaishia kuwa joto mlemle chumbani, halafu kila lita ya mvuke inayogeuka maji inaachia joto lake jingine, kama thuluthi mbili za uniti. Chumba kinakauka huku kinapata moto. Mume wangu akawa anafungua dirisha usiku kwa kuwa hapalaliki, hewa ya mvua inaingia, mashine inaanza upya. Tuligombana kwa ajili ya dirisha. Nilimlaumu sana, na nikamwomba radhi baadaye.

Sasa simu niliyowapigia huduma kwa wateja wa kampuni. Nilisubiri nusu saa na zaidi nikisikilizishwa muziki. Akapokea kijana. Nikamweleza vizuri tu, nina karatasi yangu ya hesabu mkononi. Akaniuliza, "Umesafisha filta?" Nikasema nimesafisha mara mbili. Swali hilo simlaumu, filta ikiziba hewa haipiti, koili inaganda barafu na mashine inahangaika bure. Nikamwambia filta ni safi, koili haina barafu, tatizo ni kwamba haizimi. Akacheka. Akasema, "Dada, mashine inakula umeme, ulitaka ile nini?" Kisha, kabla sijajibu: "Labda nyumba yenu ndiyo mbovu."

Nyumba yetu ndiyo mbovu! Mtu hajawahi kukanyaga kwangu. Nilikata simu mikono inatetemeka. Usiku ule nilitaka kuitupa nje, na kama ningeandika usiku ule ningewaambia wote msiguse mashine za aina hii, za kampuni yoyote, milele.

Asubuhi nikasema hapana, lazima nijue nani mbovu. Nina kisaa kidogo cha kupima unyevu. Sikukiamini, nikakipima kwa chumvi. Unachukua kifuniko cha chupa, unajaza chumvi ya mezani, unadondoshea maji machache mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Unakiweka pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, unafunga, unaacha usiku kucha. Hewa ya mle ndani hutulia kwenye asilimia 75, ndivyo chumvi ilivyo. Kipimo changu kilisoma 74. Basi nikakiweka sawasawa na mdomo wa mashine unaovuta hewa, nikakaa kitandani nikitazama vyote viwili. Kioo cha mashine: 64. Kipimo changu: 52.

Tofauti ya 12! Nilipiga kelele mpaka mtoto akaja mbio. Chumba kilishakauka zamani. Ili kioo chake kisome 55, ilibidi unyevu wa kweli ushuke hadi 43, jambo ambalo kwenye chumba cha watu wanaopumua, wenye mlango unaofunguliwa, halitokei. Ndiyo maana haikuzima. Sensa yake, yaani kile kipima unyevu cha ndani ya mashine, inasoma uongo, na mimi nilikuwa nalipia uongo huo kila saa.

Dawa yake niliipata mwenyewe kwa dakika moja: nikaiwekea 65, ambayo kwa kweli ni kama 53. Usiku ule, saa tano kasoro, kompresa ikakata. Kimya. Mume wangu alifikiri umeme umekatika. Siku iliyofuata kipima umeme kilisoma uniti 2 kasoro kidogo, na wiki nzima ikaendelea hapohapo. Kompresa inafanya kazi kama saa 4 kwa siku, zinazobaki ni feni. Hiyo feni nayo inaniudhi, haipumziki, na peke yake inamaliza karibu uniti nzima kila siku. Lakini kutoka 7 hadi 2! Ukuta umebaki mkavu, viatu vimebaki safi. Kwa siku chache nikawa nimeisamehe kabisa. Nilikuwa nimetoa nyota moja, nikapandisha nne. Nikampigia tena dada yangu, nikamwambia kama bado anataka anunue, ila awe na kipimo cha pembeni, asiamini kioo, na akiona maji yamepungua huku mashine hainyamazi ajue kuna kasoro.

Halafu nikafanya kosa la kuwapigia tena, nikidhani watashukuru kuambiwa. Safari hii alipokea mama mmoja, mpole, na mpole kweli. Nikamsimulia habari ya chumvi, ya 64 na 52. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ndiyo mama, sensa za toleo hilo husoma juu, huwa tunawashauri wateja wapandishe kidogo."

Huwa wanawashauri! Kumbe wanajua. Yule kijana amekaa kiti cha jirani na huyu mama, na jibu la shida yangu lilikuwa ni sentensi moja, pandisha hadi 65, badala yake akaitukana nyumba yangu. Kwenye kijitabu hakuna neno hata moja kuhusu hilo, nimekipitia ukurasa kwa ukurasa. Nilimuuliza yule mama, na zile uniti 76 nimdai nani? Akasema pole. Nikamwambia asante, maana yeye hakunikosea.

Kwa hiyo nyota nne nimezifuta. Ni mbili. Kuna wakati naingia chumbani, nasikia hewa kavu, hakuna ile harufu ya gunia bichi, naona labda tatu. Nikikumbuka "nyumba yenu ndiyo mbovu" zinarudi mbili. Mashine yenyewe sasa iko pale kwenye kona, imewekwa 65, kipimo changu nimekigundisha ukutani juu yake kwa gundi ya karatasi, na dirisha limefungwa.