Sarafu za Zamani za Pwani na Bara: Uanze Kununua Ipi?

Anayeanza namshauri anunue heller za Mjerumani, sarafu ndogo za koloni lake la Afrika Mashariki: zile za shaba za 1904 hadi 1913, kisha zenye tundu katikati. Zilitolewa nyingi mno, kwa hiyo bei yake ni ya chini na tapeli hapati faida ya maana kuzighushi. Tafuta herufi ndogo inayoonyesha mji ilikotengenezwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Kukamilisha miaka yote kwa herufi zote mbili ni kazi ya muda mrefu isiyofilisi mtu.

Ya pili ni pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ya 1299 Hijria (1882), yenye mizani upande mmoja. Mimi naipenda kuliko zote. Shida ni kwamba nyingi zimesuguliwa kwa limau na majivu ili ziuzike. Shaba ya miaka mingi huwa na rangi ya kahawia iliyotulia; ikishasuguliwa hubaki na wekundu mkali, na thamani yake kwa wakusanyaji hairudi. Kati ya iliyochakaa na iliyong'arishwa, chukua iliyochakaa.

Ya tatu, rupia ya fedha yenye kichwa cha Wilhelm II, Kaisari wa Ujerumani. Inunue pale tu unaporuhusiwa kuipima: uzito ni gramu 11.66, isishikwe na sumaku, na ukingo usiwe na mshono wa kalibu. Muuzaji anayekusimulia nguvu za ajabu za rupia yake, achana naye.

Sarafu za heller 20 za Tabora za 1916 zilitengenezwa vitani, katika karakana ya reli, kwa hiyo ukwaruukwaru wake usikutishe. Ila sarafu ya rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, iliyotolewa zaidi kidogo ya 16,000, ina nakala bandia tele. Inunue kwenye mnada unaotoa hakikisho la maandishi, au usinunue.

Reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, ilipie thamani ya madini yake tu. Karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizotengenezwa karne ya ishirini.

Sarafu za masultani wa Kilwa usinunue kamwe. Hazina mwaka, mwanahistoria hukisia umri wake kwa tabaka la udongo zilimokutwa, na aliyezichimba usiku ameshaufuta ushahidi huo. Tanzania inazilinda kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukiokota moja ufukweni, andika mahali hasa ulipoiokota, uipeleke kwa maofisa wa Mambo ya Kale bila kuiosha.