Nimeongeza viza ya mwenzi Uingereza: nilianza na wakala, nikamaliza mwenyewe

Naandika haya kwa dada yeyote anayeishi Uingereza kwa viza ya mume, tarehe inakaribia, na kila anayemuuliza anamwambia "tafuta mtu akufanyie". Mimi nilitafuta mtu. Nilimpa paundi 350 za kuanzia kati ya 700 alizotaka, na hela ile sijaiona tena.

Nilifika Leicester Februari 2023 nikitokea Tanga. Viza ya kwanza ya mwenzi inayotolewa ukiwa nje ni ya miezi 33, kwa hiyo yangu ilikuwa inaisha Novemba 2025. Septemba shoga yangu akanipa namba ya kaka mmoja, Mswahili mwenzetu, anayejaza fomu za watu nyumbani kwake. Alinipokea vizuri, chai ikaletwa, akasema, "Dada, hii kazi niachie mimi, wewe lea mtoto." Nilikuwa na mtoto wa miezi minne, usingizi wangu ni wa kuibia. Maneno yale yalinituliza kabisa.

Wiki mbili baadaye akapiga simu. Kiwango cha chini cha kipato kinachotakiwa kwa viza ya mwenzi kimepanda, akasema, sasa ni paundi 29,000 kwa mwaka. Mume wangu anafanya kazi ghalani, anapata 24,700. Kwa hiyo kesi yetu ni ngumu, inataka maelezo maalumu, niongeze paundi 800. Jioni ile mume wangu aliisukuma sahani pembeni. Alianza kuhesabu saa za ziada anazoweza kuomba kazini, za usiku na za Jumapili, na mimi namtazama nikijua hazitafika.

Alipolala nikakaa jikoni na simu, nikafungua tovuti ya serikali, GOV.UK. Kiingereza changu si cha ofisini, nilisoma polepole, neno kwa neno. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba kiwango cha 29,000 ni cha walioanza kuomba kuanzia tarehe 11 Aprili 2024. Aliyeomba viza ya mwenzi kabla ya siku hiyo, na anaongeza muda akiwa na mwenzi yule yule, anabaki na kiwango cha zamani: 18,600. Sisi tuliomba mwaka 2022. Nilisoma mara tatu, kisha nikaenda kumwamsha.

Kesho yake nikamweleza wakala. Akaniambia mambo ya mtandaoni yasinibabaishe. Nikamwomba basi anipe nywila ya akaunti ya ombi langu nione alichojaza. Hapo ndipo nilipogundua kwamba akaunti aliifungua kwa baruapepe yake na namba yake ya simu. Hili ndilo lililonitisha kuliko hela. Kadi za ukaazi zilikoma mwishoni mwa 2024. Siku hizi ruhusa yako yote iko mtandaoni, na humo ndimo anamoangalia mwajiri, mwenye nyumba na shirika la ndege. Ukiingia, namba ya siri inatumwa kwenye simu au baruapepe iliyosajiliwa. Kama ni ya mtu mwingine, kila ukitaka kujithibitisha lazima umpigie yeye.

Kitu kingine ambacho ningetakiwa kukifanya siku ya kwanza: kumtafuta kwenye orodha. Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Washauri wanasajiliwa na Immigration Advice Authority, ile iliyokuwa ikiitwa OISC mpaka Januari 2025, na mawakili wa sheria wana chombo chao. Orodha iko wazi, unaandika jina tu. Lake halikuwamo.

Nikaanza upya peke yangu. Fomu ilinichukua jioni tatu mtoto akiwa amelala. Maswali ni mengi, lakini si ya mitego: safari zako, wazazi wako, mlianza lini kuishi pamoja. Kazi iko kwenye vielelezo. Slipu za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na barua ya mwajiri. Hela iliyoandikwa kwenye slipu ndiyo inayotakiwa kuonekana ikiingia benki, kwa hiyo nilizitandaza mezani mbili mbili, nikapitisha kalamu ya njano kwenye kila mshahara. Slipu ya Julai ilikuwa haipo. Ingekuwa wakala, sijui kama angeiona. Mume wangu aliiomba kazini, ikaja baada ya siku nne. Angalia pia tarehe: taarifa ya mwisho ya benki isizidi siku 28 kabla ya siku unayotuma ombi.

Kuthibitisha kwamba tunaishi pamoja nilikusanya mkataba wa nyumba, kodi ya halmashauri, bili za maji, na barua za zahanati zilizokuja kwa jina langu na kwa jina lake, anwani moja, zikitofautiana miezi. Mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A2, wa kusikiliza na kuzungumza, nilishaufanya kiangazi. Mtoto hahitaji chochote, baba yake ni raia na amezaliwa hapa.

Malipo ya serikali ni makubwa na hayakwepeki, uwe na wakala usiwe naye: nilipotuma, Oktoba 2025, ombi lilikuwa paundi 1,321, na ada ya afya 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa miaka miwili na nusu ilikuwa 2,587.50. Kabla sijabonyeza kulipa nilifanya jambo moja ambalo ningelifanya tena bila kufikiri. Nilimlipa mshauri aliyesajiliwa paundi 120 kwa saa moja apitie kila kitu. Alirekebisha tarehe moja ya safari, akaniambia, "Tuma." Na akanionya nisitoke nchini mpaka jibu lije, kwa sababu ukisafiri nje ombi linahesabika umelifuta. Mama alikuwa anaumwa Tanga, na mimi nilikuwa natafuta tiketi ya wiki ile. Wakala hakuwahi kunigusia hilo.

Nilituma Oktoba, nikapiga alama za vidole bila kulipia miadi, nikapandisha vielelezo mwenyewe. Viza ya zamani ikiisha ukisubiri, haki zako zinaendelea ilimradi ulituma kabla haijaisha. Jibu lilikuja baada ya wiki saba, kwenye baruapepe yangu.

Kama umewahi kunyimwa viza, umepitisha muda, una kesi polisi, au mumeo amejiajiri na hesabu zake zimechanganyika, usijaribu mwenyewe. Nenda kwa wakili wa sheria hasa, mwenye risiti na jina kwenye orodha. Lakini kama mmoja wenu ana mshahara wa kawaida na mnaishi nyumba moja, kazi hii unaiweza, dada yangu. Fungua akaunti kwa baruapepe yako.

Tiketi nimeshakata. Mama bado hajamwona mjukuu wake.