Wurkkos FC11: tochi ya mtu anayezalisha ng'ombe usiku

Saa nane usiku, mkono wangu wa kulia umezama ndani ya mtamba hadi kwenye kiwiko, natafuta mguu wa ndama uliokunjika kurudi nyuma, na tochi nimeing'ata mdomoni. Mate yanatiririka kidevuni. Mzee mwenye ng'ombe ananiuliza, "Vipi daktari, yupo hai?" nami namjibu kwa puani, maana nikifungua mdomo tumebaki gizani. Nimefanya kazi ya mifugo hivyo huku Hanang, mkoani Manyara, kwa miaka, na ndiyo maana tochi nazipima kwa mambo ambayo muuzaji wa mnadani hana habari nayo.

Sikusanyi tochi. Nimenunua nyingi kwa sababu zinakufa. Za elfu tano, za elfu nane, zile za kuvuta kichwa mbele na nyuma ili mwanga ukusanyike. Karibu zote zina weupe unaoelekea bluu. Kama shida yako ni kwenda chooni na kurudi, nunua hizo na uishie hapa. Mimi zimeniaibisha.

Mwaka juzi nilifunua kope la mbuzi wa mama mmoja usiku, nikaona utando mweupe pee. Tunayo kadi iitwayo FAMACHA, ina rangi tano: 1 ni wekundu wa damu nzuri, 5 ni weupe wa mnyama aliyefyonzwa na minyoo. Kwa tochi niliyokuwa nayo, yule mbuzi alikuwa 5 bila mjadala. Nikampa dawa, nikamtisha mama wa watu kwamba huenda mnyama asifike asubuhi. Asubuhi nikapita tena, nikafunua kope juani: wekundu wake safi, 2 hivi. Kadi yenyewe inataka isomwe kwenye mwanga wa jua, nalijua hilo, kosa ni langu. Lakini tangu siku ile swali langu la kwanza kwenye tochi si lumeni ngapi, yaani wingi wa mwanga. Ni kama damu inaonekana damu.

Kumbe kuna kipimo chake. Huandikwa CRI, na cha juu kabisa ni 100. Taa nyingi za LED za bei ya chini huwa kwenye 70 hivi, na rangi inayoumia zaidi ni nyekundu. FC11 yangu ni ile ya CRI 90, mwanga wa kelvini 5000, yaani weupe wa mchana. Usiku wa kwanza nilimulika kiganja changu tu, nikaona kiganja cha mtu aliye hai. Sasa utando wa jicho, ufizi, kondo lililobaki, mkojo wa ng'ombe mgonjwa, vyote naviona kwa rangi zake. Uamuzi wa kadi bado nausubirisha hadi kuche, ila simtishi tena mtu bure.

Tochi yenyewe ni fupi, inaenea kiganjani na ncha inachungulia kidogo. Swichi iko ubavuni karibu na kichwa, betri ni moja, ina tundu la USB-C la kuchajia, na mkiani ina sumaku. Hiyo sumaku ndiyo iliyoniokoa meno. Naibandika kwenye bati la banda, kwenye nguzo ya chuma, kwenye tangi la pikipiki, mikono yangu yote miwili inabaki kazini. Pasipo na chuma (na maboma mengi ni miti mitupu) natembea na kipande cha bati chenye tundu la msumari. Mdomoni sirudi tena. Mate ni jambo dogo. Betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani ya mrija wa chuma usiopitisha hewa, siku ikiharibika, gesi yake hutafuta pa kutokea kwa nguvu, na sitaki wakati huo meno yangu yawe jirani.

Watengenezaji wanaandika lumeni 1300. Nimezitumia mara chache, kumtafuta ndama aliyepotea korongoni. Kwenye kiwango hicho kichwa kinapata moto na tochi inajipunguza yenyewe, na ndivyo inavyopaswa. Kazi yangu naifanya kwenye mwanga mdogo, maana ng'ombe mwenye uchungu ukimpiga mwanga mkali wa ghafla machoni atakuonyesha kwato. Ukiishikilia swichi ikiwa imezimwa, inaanza na mwanga hafifu kabisa. Huo ninaupenda kuliko wote. Na habari ya mita zinazoandikwa kwenye maboksi: umbali huo hupimwa hadi pale mwanga unapobaki robo ya luksi, karibu sawa na mbalamwezi. Ukisoma mita 200 usidhani utamtambua fisi kwa mita 200. Utaona kuna kitu kinatembea, basi.

Sasa betri, maana hapa ndipo watu wanapochezea moto. FC11 inatumia betri ya namba 18650. Namba hiyo ni vipimo: upana milimita 18, urefu 65, na sifuri ya mwisho inasema umbo lake ni la mrija. Ikijaa ina volti 4.2. Yangu ilikuja na betri yake ya mAh 3000 (mAh ndiyo kipimo cha ujazo wa chaji), nikatafuta ya akiba mjini. Kijana wa dukani akanitolea moja nzuri ya kung'aa imeandikwa mAh 9900. Nikaipeleka kwenye mzani mdogo ninaopimia dawa: gramu 31. Ile iliyokuja na tochi ilikaribia 50. Za saizi hiyo zilizo bora kabisa hufika kama mAh 3500 hadi 4000, hivyo anayekuandikia 9900 anakudanganya mchana kweupe, na aliyedanganya juu ya ujazo sina sababu ya kumwamini juu ya usalama. Nilimrudishia kijana mali yake. Akaniambia mbona wenzako wananunua.

Kuna na zile zinazotolewa kwenye betri kuukuu za laptop. Fundi akizipima vizuri nyingine ni nzima, sikatai. Ila nikiona ganda la plastiki limechanika, hata kidogo pale kwenye kichwa cha chanya, siigusi. Watu hawajui kwamba mwili wote wa betri ile ni hasi, kuanzia kitako hadi kwenye bega la juu. Kinachoitenga chanya ni kiduara chembamba na lile ganda. Likichanika, chuma cha tochi kikigusa, shoti. Kwa sababu hiyohiyo betri ya akiba haikai mfukoni na funguo na sarafu. Nimewahi kuiweka hivyo, nikiwa kwenye pikipiki kabla ya mji wa Katesh, nikahisi paja linaungua. Nilisimama katikati ya barabara nikivua koti kama mtu aliyeingiliwa na siafu. Leo akiba inakaa kwenye kikopo cha plastiki kilichokuwa cha vidonge, peke yake.

Kuchaji: waya na chaja ya simu ya kawaida, mezani, nikiwa macho. Si kitandani, si juu ya gunia la pumba, na si kwenye sanduku la pikipiki lililoshinda juani. Kama tundu la USB limeingia tope la zizi nalisafisha na kulikausha kwanza, halafu nikimaliza kuchaji nahakikisha kile kizibo cha mpira kimekaa barabara. Betri iliyokaa mpaka ikashuka chini ya volti 2.5 siihangaikii kuifufua. Wako mafundi wanaoipiga kwa nguvu mpaka ikubali chaji. Ikubali kwao.

Na zile tochi zenye meno mawili ya kuchomeka ukutani moja kwa moja, ambazo kila nyumba inazo? Nyingi ndani hazina kitu kinachoutenga umeme wa ukutani na sehemu nyingine za tochi. Ukiichomeka, iache. Usiiwashe, usiifungue kichwa, usimpe mtoto aishike.

Malalamiko ninayo. Swichi ya ubavuni ikilowa damu na ute inateleza, na gizani naipapasa kama kipofu. Nimeibandikia kipande cha plasta pembeni ili kidole kijue njia. Mibonyezo ni mingi mno kwa mtu mwenye haraka. Mara mbili inapanda juu kabisa, mara tatu inaanza kumwekamweka, na sijui nani alifikiri mkunga wa ng'ombe anahitaji disko. Nikiwa safarini nalegeza kifuniko cha nyuma kidogo na kubonyeza kuhakikisha haiwaki, isije ikajiwasha kwenye begi na kuchemka humo. Sumaku nayo inaokota kila chembe ya chuma njiani, na nailaza mbali na kadi ya benki.

Ilinigharimu kama elfu tisini mpaka kunifikia, kwa mkono wa mpwa wangu aliyekuwa na mzigo wake unaotoka China. Mzee mwingine niliyemzalishia ng'ombe wake aliiangalia ikiwa imenata kwenye bati, akaiuliza bei, nikamwambia.

"Mwanangu, huyo si mbuzi mzima?"

"Mbuzi mdogo, mzee."

Akacheka, akaniambia basi yeye atabaki na mbuzi wake. Nilimshauri tochi ndogo ya betri mbili za rimoti, asichanganye kuukuu na mpya, na azitoe ikiwa haitumii mwezi mzima, maana zikivuja zile chumvi nyeupe hula springi na tochi ndiyo basi. Nikamwonya pia kuhusu betri za lithiamu zilizo na umbo lilelile la betri ya rimoti, zina volti 3.7 badala ya 1.5, mwanawe akizileta kutoka mjini kwa kuona zinaingia, taa itawaka mara moja tu, kwa mbwembwe. Wakati huo ndama alikuwa ameshasimama, anatafuta titi upande usio na titi.