Microsoft Lists katika kazi ya kukusanya asali Tabora

Timu yetu hununua asali kwa vikundi vya wafugaji nyuki wa Sikonge, Urambo na Kaliua na kuihifadhi ghalani Tabora mjini, kwa hiyo kila ndoo inayopokelewa lazima ijulikane imetoka kwa nani, ililinwa lini, ina uzito gani na ina maji kiasi gani. Zamani kumbukumbu hizo zilikaa katika faili la Excel lililokuwa likitumwa kwa WhatsApp, hadi mpokeaji akawa na faili lake na mhasibu lake, na siku ya malipo hesabu zao zikawa hazikutani. Badala yake tulichukua Microsoft Lists, programu ya kutunza kumbukumbu katika orodha za pamoja, iliyotolewa mwaka 2020 juu ya msingi wa orodha za SharePoint (mfumo wa Microsoft wa kushirikiana taarifa kazini) na inayopatikana ndani ya usajili wa Microsoft 365 wa taasisi.

Nguvu yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba kila safu ya wima hupewa aina yake kabla ya mtu yeyote kuanza kujaza. Safu ya tarehe hupokea tarehe tu, safu ya namba hukataa herufi, na jina la wilaya huchaguliwa badala ya kuandikwa, hivyo Kaliua haitokei kwa tahajia tatu tofauti. Jina la mfugaji tunalivuta kutoka orodha nyingine ya wanachama, na kikundi chake huja pamoja nalo, kwa hiyo marekebisho hufanywa mahali pamoja tu. Kwa upande wa maji, kiwango cha kimataifa cha vyakula kiitwacho Codex kinataka asali kwa kawaida isizidi asilimia 20. Tumeweka sharti kwamba mstari wenye kipimo kinachozidi hapo ugeuke mwekundu, ili mtunza ghala aitenge ndoo hiyo kabla haijamiminwa kwenye pipa la pamoja. Asali yenye maji mengi huchacha, na ndoo moja ya namna hiyo yaweza kuharibu jasho la wafugaji wengi.

Jambo la pili ninalolithamini sana ni historia ya mabadiliko. Kila mstari huhifadhi nani alibadilisha nini na saa ngapi, thamani ya awali yaweza kurudishwa, na kilichofutwa hubaki katika pipa la taka kwa siku 93. Mfugaji anayeuliza kwa nini kilo zake zimepungua anastahili jibu lenye ushahidi, na sasa jibu hilo linapatikana mbele yake kwa muda mfupi. Mionekano, yaani namna mbalimbali za kuonyesha orodha ileile, nayo inasaidia: mhasibu hufungua malipo yaliyobaki, ghala hufungua kalenda ya mapokezi, na wote wanasoma data ileile.

Ipo mipaka inayopaswa kujulikana mapema. Orodha moja yaweza kubeba hadi mistari milioni 30, lakini ikishapita mistari 5,000, kuchuja au kupanga kwa safu isiyowekewa faharasa (kielekezi kinachoharakisha utafutaji) huweza kukwama. Ni vyema tarehe na wilaya ziwekewe faharasa orodha ingali ndogo. Programu hii pia hutegemea intaneti, na vijijini mtandao si wa kuaminika kila saa, kwa hiyo mpokeaji wetu bado huandika stakabadhi ya karatasi na kuingiza namba yake anapofika penye mawimbi. Hesabu za malipo zenye makato tunazihamishia Excel, kwa sababu orodha hujumlisha vizuri lakini haichukui nafasi ya kazi ya mhasibu.

Lililo zito zaidi ni usiri. Watu wengi hudhani kwamba safu ikiondolewa katika mwonekano imefichwa, kumbe yeyote mwenye ruhusa ya kuisoma orodha anaweza kutengeneza mwonekano wake mwenyewe na kuirudisha. Namba za simu za wafugaji na kiasi wanacholipwa zinapaswa kukaa katika orodha ya peke yake, yenye ruhusa za mhasibu na msimamizi tu, na ile ya mapokezi ibaki na namba ya uanachama, tarehe, uzito na kipimo cha maji.