Halmashauri kama mteja: nyota 3, na sababu sio ile mnayodhani

Watu mnapenda kutoa maksi kwa simu, kwa mabasi ya mikoani, kwa chipsi za mtaani. Mimi leo natoa maksi kwa mteja. Mteja mwenyewe ni halmashauri, jina sitaji, Tanzania Bara zipo 184 na mimi bado nataka kazi, nna karakana ya kuchomelea na vijana wanne wananitegemea hapo. Nimeomba kwake zabuni za madawati mara mbili, ya kwanza nikakosa, ya pili nikapata. Nampa nyota 3 kati ya 5 na nitasema hizo 2 zimepotelea wapi.

Nianze na pazuri. Enzi za bahasha, kuomba zabuni ilikuwa ni kuchapisha makaratasi, fotokopi kibao, kugonga mhuri kila ukurasa, halafu unapanda basi upeleke mwenyewe makao makuu ya wilaya kabla ya saa ya kufunga, tairi ikipasuka njiani na zabuni imepasuka. Ikaja TANePS, mfumo wa serikali wa kuomba zabuni mtandaoni, halafu 2023 ikaja NeST kuchukua nafasi yake, ipo chini ya PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma. Tangazo naliona kwenye simu nikiwa karakana, TIN na leseni na usajili vipo mle mle, bei najaza usiku watoto wakishalala, na muda ukifika zikafunguliwa walioomba wote tunaona nani kaweka bei gani. Hakuna cha kumjua karani. Kwa fundi wa kijijini kama mimi hiyo ni nyota nzima, natoa bila kusita, na anayesema bora ya zamani nadhani alikuwa anamjua karani.

Sasa twende kwenye madawati yenyewe.

Hii kazi nimeijua 2016, mnakumbuka ule mwaka, elimu bila malipo imeanza, watoto wamejaa madarasani wanakaa chini, Rais Magufuli (JPM) akatoa agizo hadi mwisho wa Juni shule zote ziwe na madawati. Kila mwenye mashine ya kuchomelea alichomelea madawati mwaka ule. Ndo nilipojifunza kwamba dawati ni kitu cha kijinga sana kukitengeneza vibaya na ni kigumu kidogo tu kukitengeneza vizuri, tofauti ipo kwenye vitu ambavyo ukisimama mlangoni huvioni. Skwea paipu ya unene wa milimita 1.5 na ya 1.2 ukishazipaka rangi ni mapacha. Mbao ya paini ya Mafinga iliyokauka na mbao mbichi iliyoshuka kwenye fuso juzi, siku ya kupokea zote zimenyooka, subiri kiangazi kimoja uone ipi imejikunja kama chapati. Na kuna wanaochomelea kwa kugusa gusa nukta nne kwenye kona badala ya kuzungusha moto kona nzima, ukiuliza wanakwambia umeme ulikuwa mdogo.

Zabuni ya kwanza ilikuwa madawati 300. Nikafungua nyaraka nikasoma maelezo ya kiufundi, naandika kama nilivyoyakuta: dawati la wanafunzi 3, la chuma na mbao, imara. Basi. "Imara" ndo nini sasa? Nikauliza kwa njia halali kupitia mfumo, nikajibiwa nizingatie nyaraka. Nikaweka bei yangu ya dawati langu, paipu ya 1.5, mbao kavu, bolti sio skrubu, shilingi 78,000. Aliyeshinda aliweka 71,000.

Najua mnachotaka kusema hapa, kuna mtu kala asilimia kumi. Hapana aisee. Nilipata ile notisi ya kusudio la kutoa tuzo, imeandikwa mshindi nani, bei yake ngapi, na mimi nimeshindwa kwa nini. Nilikuwa na haki ya kulalamika kwa mkurugenzi ndani ya zile siku walizotoa, na nisiporidhika niende PPAA, mamlaka ya rufani za ununuzi wa umma. Nikakaa na kalamu nikatafuta cha kuandika nikakikosa, maana kwa nyaraka zile uamuzi ulikuwa sahihi kabisa. Utaratibu ni kwamba kamati ya tathmini inaangalia kwanza kama umetimiza vigezo vya awali, halafu ufundi, halafu ndo bei, na hairuhusiwi kuibuka na kigezo ambacho hakikuandikwa mwanzo. Kigezo kilikuwa chuma, mbao, imara. Jamaa alikuwa na chuma, alikuwa na mbao. Imara hawakuweka namna ya kuipima. Kamati ingenipa mimi kwa sababu paipu yangu nene, yeye ndo angekata rufaa na angeshinda, na ningekuwa yeye ningekata pia.

Hii ndo nyota ya kwanza iliyopotea, na naomba muelewe imepotelea wapi. Sheria ya ununuzi wa umma inataka thamani ya fedha, yaani hela itoke na kitu kinacholingana nayo. Ile ya 2011 ilitaka, hii mpya ya 2023 iliyoanza kutumika 2024 nayo inataka, hakuna mahali panaposema nunua cha bei ya chini kufa na kupona. Kwa bidhaa wanampa mwenye bei ya chini ILIYOTATHMINIWA, na kwenye tathmini unaruhusiwa kuhesabu muda wa kuleta mzigo, gharama za matengenezo, vipuri, alimradi uliviandika mapema na kusema vitahesabiwaje. Kwa hiyo thamani inaamuliwa siku ile idara ya elimu inapokaa kuandika inataka dawati gani, na ile siku mara nyingi hakuna anayekaa, wanachukua maelezo ya mwaka juzi wanabadilisha tarehe. Ikifika kwenye bodi ya zabuni imeshaisha. Watu wanawalaumu madiwani, wakati madiwani hata hawakai kwenye ile bodi, wanaokaa ni wakuu wa idara.

Miezi tisa baadaye mwalimu mkuu mmoja kanipigia. Fundi, njoo na mashine. Nimefika nimekuta madawati yale yale, kona zimeachia, mengine yamelala kama punda aliyechoka, kuna moja watoto wamelifunga na mpira wa baiskeli na linafanya kazi, akili ya watoto hiyo. Shule ya pili ikaniita wiki iliyofuata. Jumla nilichomelea 185, kila moja 12,000.

Nikafanya hesabu usiku. Halmashauri ilivyochagua 71,000 badala ya 78,000 iliokoa 7,000 kwa dawati, mara 300 ni 2,100,000. Matengenezo yangu ya shule mbili tu ni 2,220,000. Hiyo hela ya matengenezo haikutoka halmashauri, walichanga wazazi, buku mbili buku tatu. Kwenye faili la halmashauri hakuna kasoro, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akija atakuta zabuni ilitangazwa, walioomba wapo, aliyeshinda ndo mwenye bei ya chini, mzigo umepokelewa umesainiwa. Safi. Mama anayeuza nyanya kalipia dawati mara mbili na hakuna karatasi inayoonyesha.

Na kusaini nako. Kuna kamati ya ukaguzi na mapokezi, kazi yake ni kulinganisha kilicholetwa na kilichoandikwa. Ile ya mara ya kwanza nimeambiwa na walimu walihesabu tu madawati wakiwa wamesimama chini ya mwembe. Siwalaumu sana, ungempa mtu neno "imara" akakague, angekagua nini?

Mwaka uliofuata kaja afisa ugavi mwingine, mama mmoja mkali, anauliza maswali kama anakununulia mtoto wake. Nadhani alipita zile shule. Tangazo la pili, madawati 240, nyaraka ilikuwa kitu kingine kabisa. Unene wa paipu usipungue 1.5. Mbao kavu iliyopigwa dawa, unene umeandikwa. Kona zichomelewe mzunguko mzima. Miguu iwe na vifuniko. Waranti miezi 12, ikivunjika unatengeneza kwa gharama yako hapo hapo shuleni. Na dawati moja la sampuli litengenezwe kwanza, likikubaliwa ndo uendelee na mengine. Nyie mnaosema ukiandika hivyo bei itapaa, haikupaa hivyo. Mwenye bei ya chini alikuwa na sifa pungufu akatoka kwenye hatua ya ufundi, mimi nikashinda kwa 82,000. Tena safari hii kama ningetoka mimi ningejua nimetoka kwa kitu gani, hata nyumbani naeleza.

Siku ya mapokezi yule mama kaja na mwalimu mkuu, kaja na fundi wa kumuuliza, na mkononi ana kipimo cha venia, kile cha kupimia unene. Kapima paipu za madawati aliyochagua mwenyewe huku nyuma, sio yale niliyoyapanga mbele (nilikuwa nimepanga mazuri mbele, ni kawaida ya binadamu). Matano kayakataa kwa sababu ya mbao, alikuwa sahihi, kijana wangu alichanganya. Nikabadilisha. Hapo ningempa nyota zote tano tukaagana.

Shida ikaja kwenye malipo, na hapa ndo nyota ya pili ilipoenda. Nimeshusha mzigo, nimetoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, nimepeleka invoisi, asilimia 2 ya zuio la kodi nimekubali maana ni sheria, nikawa nasubiri. Mwezi wa kwanza nikaambiwa fungu, yaani hela ya bajeti, halijashuka. Wa pili mfumo. Wa tatu mhasibu yupo semina. Nimelipwa mwezi wa nne ukiisha, baada ya kwenda pale mara sita, na kila safari ni nauli na siku ya kazi. Duka la vifaa lililonikopesha paipu halijui fungu, linajua tarehe.

Mkisikia bei za halmashauri zipo juu kuliko za mtaani msikimbilie kusema wizi peke yake. Kila mzabuni mzoefu anaongeza bei ya kusubiri. Dawati hilo hilo shule ya binafsi inayonilipa nusu kabla na nusu siku ya kushusha nawauzia 74,000 na nabaki na faida. Hiyo 8,000 ya juu ni riba ya duka, ni nauli, ni hofu. Halmashauri ikilipa ndani ya mwezi mmoja tu, bei zinashuka zenyewe bila semina yoyote ya thamani ya fedha. Na vijana wenye vikundi, wanaotengewa ile asilimia 30 ya ununuzi pamoja na wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, ndo wanaumia zaidi, maana hawana duka la kuwakopesha. Nimeona kikundi kimepata oda ya sare, kikasubiri malipo, kikafa kabla hela haijaingia, oda ya pili akaipata mfanyabiashara mkubwa kwa jina la kikundi kile kile.

Kama wewe ni fundi unataka kuanza, soma maelezo ya kiufundi kabla hujaangalia kiasi. Ukikuta vipimo na waranti, omba kwa bei yako halali. Ukikuta "imara" peke yake achana nayo, utashindwa na mtu wa 1.2, au utashinda kwa kugeuka kuwa yeye.

Waranti yangu imebaki miezi mitatu. Hadi leo wamenirudishia madawati mawili, moja lilidondoshwa toka kwenye trekta, nimelichomelea hivyo hivyo.