Final Fantasy VI kwenye simu, daftari la hesabu pembeni: uzoefu wangu

Gemu ninayoizungumzia hapa ni Pixel Remaster, toleo lililochorwa upya lililoingia kwenye simu Februari 2022, si ile ya mwanzo ya 1994 ya Super Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo. Unalipa mara moja, haina matangazo, na ukishaishusha haikuli bando. Ishushe kwa Wi-Fi. Kiswahili hamna, na herufi za Kiingereza za toleo hilo lilipotoka zilikuwa zimebanana mno. Kwenye skrini ndogo macho yalichoka kabla ya betri.

Kama gemu, imezeeka vizuri. Weka mapigano kwenye "Wait", si "Active", ili muda usimame unapopekua orodha ya uchawi. Kuna kitufe cha kupigana kwenyewe. Kinafaa kwa wadudu wa njiani, lakini mbele ya bosi kitakumaliza, maana hakifikirii, kinarudia tu. Kuhifadhi kwa haraka kupo karibu kila mahali, kwa hiyo hapa Mwanga, Kigoma, wakikata umeme na simu iko asilimia tano, hupotezi kitu.

Mambo matatu yanawakwamisha wengi. Kwa bosi Vargas, kule Mlima Kolts, kupiga upanga hakumalizi pambano: mhusika Sabin akishaingia, tumia Blitz, pigo lake maalumu, yaani bonyeza kushoto, kulia, kushoto, halafu thibitisha. Watu wanaisahau hiyo thibitisha. La pili, usipandishe sana levo kabla ya kufika mji wa Zozo, unakopata mawe ya uchawi ya kwanza. Baadhi ya mawe hayo yanaongeza nguvu ya mhusika pale tu anapopanda levo akiwa amebeba jiwe, kwa hiyo levo za mapema zinapita bure. La tatu ni Cid, mzee mgonjwa unayemlisha, na samaki wake: wanaokwenda kasi ndio dawa, wanaojikokota wanamdhoofisha. Mtu aliyezoea kuchagua samaki aina ya migebuka pale Kibirizi hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kilichonifanya niipe nyota tano ni penseli. Wahusika wa mwaka 1994 walichorwa kwenye pikseli (vimraba vya rangi vinavyounda picha) 16 kwa upana na 24 kwa urefu, na umbo hilohilo linatumika kijijini na vitani. Kazuko Shibuya, aliyechora vijiumbo vya gemu za mwanzo za mfululizo huu, ndiye aliyeshirikishwa kuvichora upya. Sanaa iliyobanwa hivyo inaingia kwenye daftari la miraba kana kwamba ilitengenezewa humo: mraba mmoja, pikseli moja. Miraba ikiwa ya milimita 5, mhusika anachukua sentimita 8 kwa 12. Karatasi ya A4 inabeba wanne, ukurasa wa A5 mmoja, au wawili ukiulaza.

Piga skrinishoti mhusika akiwa amesimama, anakutazama. Andika namba 1 hadi 16 juu na 1 hadi 24 pembeni, kisha piga mstari mwepesi kati ya safu ya 8 na ya 9. Anza na nywele, shuka mstari kwa mstari. Ukianza na miguu, ukikosea mraba mmoja kiuno kinahama na kichwa hakina pa kukaa. Tatizo kubwa ni kukuza picha: simu inalainisha kingo, pikseli moja inaonekana kama moja na nusu. Ukishindwa kuamua, hesabu upande wa pili wa uso, kwa sababu nyuso nyingi zinakaribia kulingana kulia na kushoto.

Rangi usizirundike. Kijiumbo cha Super Famicom kilikuwa na rangi 15 tu, ya kumi na sita ikiwa uwazi. Kwa hiyo kila kitu kinapata toni mbili au tatu: mwanga, kati, kivuli. Kwa penseli tupu, HB inatosha kwa mwanga na kati, 2B kwa kivuli. Ukingo mweusi kuzunguka mwili mzima ni kosa la kwanza la kila mgeni; tumia toni nyeusi zaidi ya rangi ileile, weusi halisi uache kwa macho. Kalamu za maji zinapenya karatasi ya daftari mpaka ukurasa wa tatu, weka kadibodi chini. Krayoni za nta ni nene kuliko mraba, zisahau.

Ukichoka na miraba, ndani ya gemu kuna ghala la michoro ya Yoshitaka Amano, mchoraji wa mfululizo huu. Hiyo ni mistari mirefu, mkono mlegevu, haihesabiki. Ichore kwenye karatasi isiyo na mistari, ukianza na mkunjo wa vazi badala ya uso. Mimi bado nazipoteza shingo zake.

Na mikono ioshwe kwanza. Doa la mawese halifutiki kwa raba.